MREJESHO: Kukatwa mshahara kulipia kozi ya usaidizi wa wauguzi, Marekani

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kama nyumba ya kutunzia wazee huku Marekani ina haki ya kunikata mshahara kufidia kozi ya wasaidizi wa wauguzi. Asanteni sana, hasa mdau aliyenionyesha kanuni ya serikali kuu: ukiwa umeshaajiriwa, au umeshaahidiwa kazi siku unapoanza kozi, hutozwi chochote, hata vitabu. Kozi yenyewe ni saa 75 kwa uchache, 16 kati yake za vitendo.

Nilianza na barua kama mlivyoshauri, nikaambatanisha barua ya ajira na hati za mshahara. Kimya. Wakili wa msaada wa kisheria alipowaandikia yeye, pesa yote ikarudi bila kufika mahakamani.

Lalamiko la pili limekwama. Kanuni inataka mafunzo kazini ya saa 12 kila mwaka. Sisi tulikuwa tunaletewa karatasi tusaini. Wakaguzi wa jimbo wakakuta saini zimetimia, wakafunga faili. Inaniuma, maana wanaoumia ni wazee waliopoteza kumbukumbu. Mwenye shida kama hii, tunza nakala ya ratiba zako za zamu; wakili anasema ndizo zingetusaidia.