Naomba ushauri: makato ya malipo ya euro kwa kadi yanazidi asilimia iliyotajwa

Wakuu, habari zenu. Nina kadi ya Visa iliyounganishwa na akaunti ya fedha ya nchi yangu, na malipo mengi ni ya euro. Jedwali la ada la benki linataja 3% kwa muamala wa fedha za kigeni. Nikilinganisha makato na kikokotoo cha Visa cha kubadilisha fedha mtandaoni (ada ya benki nimeweka 0%, tarehe ni ya muamala kukamilishwa, si ile ya pesa kuzuiwa), pengo ni karibu 5.5%.

Mashine au tovuti ikiuliza nilipe kwa euro au kwa fedha yangu, huchagua euro. Ile "huduma" ya kulipa kwa fedha yangu ni mtego tu: kiwango kinapangwa upande wa muuzaji, na benki yako bado inaweza kukata ada yake juu. Kwa hiyo hapo sipo nilipopotea.

Ninachoshuku ni kubadilishwa mara mbili: euro kwenda dola, kisha dola kwenda fedha ya akaunti, kila hatua na faida yake. Huduma kwa wateja wanajibu tu "ni kiwango cha siku".

Naomba msaada kwenye mawili. Niangalie nini kwenye taarifa ya akaunti, au niiulize benki swali gani hasa, kujua kama malipo yanapitia dola? Na nikifungua akaunti ya euro yenye kadi yake, ile 3% huondoka kweli, au benki huirudisha kupitia kiwango inachonipa ninapoingiza fedha humo?