Naomba ushauri: kipindi cha dini shuleni kwa binti yangu

Habari zenu wakuu.

Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya msingi ya serikali. Ijumaa kuna kipindi cha dini. Wakristo wana mwalimu wao. Sisi Waislamu hatuna tangu ustadhi aliyekuwa akijitolea ahame. Watoto wetu huambiwa wakae chini ya mwembe au waingie na wenzao. Wangu huingia.

Juzi nilimkuta anaosha vyombo huku akiimba pambio. Aliponiona akanyamaza ghafla, macho kwenye beseni. Pambio halikunikera, ukweni kwangu ni Wakristo watupu. Kilichoniuma ni kule kunyamaza. Sitaki mwanangu ajifunze kunificha mambo.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema dini ni hiari ya mtu. Lakini hiari ya mtoto wa miaka kumi kati ya jua na darasa ni hiari gani?

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, sitaki aone nimeleta ugomvi wa dini. Nianzie kwake, kamati ya shule, au msikitini tutafute ustadhi kwanza? Walimu na wazazi mliopitia hili, mlifanyaje?