Firefox inafunguka, Chromium imegoma: proksi imejificha wapi kwenye Linux Mint?

Mama Printi
Wakuu, habari za leo. Nina kaduka ka steshenari hapa Nkuhungu, Dodoma. Nimenunua desktopu ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi fulani, ina Linux Mint yenye mandhari ya Xfce. Intaneti natumia hotspoti ya simu. Brauza ya Firefox nayo iligoma mwanzoni, nikaingia Settings, halafu Network Settings, nikachagua "No proxy", ikafunguka. Brauza nyingine, Chromium, ndiyo jeuri: kila ukurasa ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Nikibonyeza mipangilio yake ya proksi (seva ya kati ambayo brauza hupitia kwenda intaneti) inaniletea maelezo marefu tu, hakuna pa kubadilisha. Ping (amri ya kupima mawasiliano) ya google.com inajibu vizuri. Vijana wamejaa kibarazani na fomu za mkopo, macho yote kwangu. Naombeni msaada.

Kijana wa Makulu
Piga chini hiyo, weka Windows.

Fundi Area C
Mama Printi, usifute kitu. Ping haipiti kwenye proksi, kwa hiyo hata ikijibu haikwambii lolote kuhusu brauza. Firefox ina mipangilio yake yenyewe. Chromium haina, kwenye mandhari kama GNOME na KDE inafuata ya mfumo, kwenye Xfce inasoma vigezo vya mazingira (environment variables), yaani thamani ambazo mfumo huzipa programu. Fungua teminali uandike:

`env | grep -i proxy`

Tuwekee jibu hapa, ila ficha pasiwadi kama imo. Ili wateja wasikae sana, funga madirisha yote ya Chromium kisha andika `chromium --no-proxy-server`. Ukiacha hata moja wazi, haitakusikia.

Mama Printi
Imefunguka! Na env imeleta http_proxy na https_proxy, zote anwani inayoanza na 10 na poti 3128.

Fundi Area C
3128 ni poti ya kawaida ya Squid, programu ya seva ya proksi. Hiyo ni seva ya ofisi ilikotoka mashine, hotspoti yako itaijulia wapi? Tafuta ilipoandikwa:

`grep -ri proxy /etc/environment /etc/profile.d /etc/apt ~/.profile`

Fungua faili husika kwa sudo nano, weka # mwanzoni mwa mistari hiyo ili isisomwe, toka kwenye akaunti uingie upya. Kufunga teminali peke yake hakutoshi.

Mama Printi
Ilikuwa /etc/environment, na nyingine ndani ya /etc/apt/apt.conf.d. Kumbe ndiyo maana hata masasisho yalikwama! Sasa yanashuka, bando ndilo linalia. Asante sana fundi. Kijana wa Makulu, Windows nitaweka ukininunulia RAM, humu mna GB 2 tu.