Paa la asbesto lavunjwa kwa nyundo shuleni, watoto wakiwa darasani!

Wadau, niacheni nipumue. Shule moja ya msingi hapa Mombasa inaezuliwa paa la asbesto, yaani mabati ya simiti iliyochanganywa na nyuzi za madini, huku masomo yakiendelea upande wa pili wa uwanja. Mafundi wamevaa kandambili, fulana kuukuu wamejifunga puani, wanayagonga mabati kwa nyundo ili yatoke haraka. Vipande vinaanguka na kupasuka chini, vumbi linakwenda moja kwa moja jikoni kwa mama wa uji. Nikamuuliza msimamizi mbona hawamwagii hata maji. Jibu lake: "Mzee wangu, hii si simiti tu? Watu wamelala chini yake miaka yote."

Wamelala chini yake ikiwa nzima! Simiti ndiyo inayozishika nyuzi za asbesto. Ukiivunja au kuikata kwa msumeno, nyuzi zisizoonekana kwa macho zinaruka, unazivuta, zinang'ang'ania kwenye mapafu na mwili hauna namna ya kuzitoa. Wala huugui kesho. Saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Fundi yule akianza kukosa pumzi uzeeni, kontrakta atakuwa hata jina lake halikumbuki.

Na msiniambie hakuna sheria. Kanuni za taka za 2006 zinaitaja asbesto kuwa taka hatari. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina mwongozo kabisa: lowesha, toa bati zima zima, funga kwa nailoni nzito, wape wasafirishaji wenye leseni, ikafukiwe mahali palipoidhinishwa. Sawa, nani analipa? Shule inachangisha wazazi pesa za chaki! Serikali imesema ondoeni, kisha ikajiondokea yenyewe, basi zabuni inamwangukia mwenye bei ya chini, na bei ya chini ni nyundo na mkokoteni. Kuondoa hivi ni hatari kuliko kuacha paa lilivyokuwa.

Vipande vyenyewe viko wapi sasa? Vingine vimejaziwa mashimo ya njia ya kuingilia shuleni, magari yanavisaga. Vingine jirani kaezekea banda la kuku, eti mali ya bure.

Huko juu nako ni yale yale. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema asbesto za aina zote husababisha saratani. Afrika Kusini, iliyoichimba miaka na miaka, iliipiga marufuku 2008. Lakini kwenye Mkataba wa Rotterdam, ule wa kimataifa wa biashara ya kemikali hatari, kila ikipendekezwa asbesto nyeupe, aina inayotumika zaidi, iingizwe kwenye orodha, nchi chache zinagoma na inakwama. Na orodha hiyo wala si marufuku, ni kumtaka muuzaji apate kibali cha nchi inayonunua kwanza!

Nimeenda ofisi ya mazingira, nikaambiwa ni suala la afya. Wa afya wakanituma kwa wa elimu. Madarasa ya watoto wadogo yanaezuliwa Jumatatu. Kama kuna mwanasheria humu, amri ya kusimamisha kazi hii inaombwa wapi, na inachukua muda gani?