Bibi ninayemtunza anaamka usiku ameloa jasho na ananitukana. Ni presha au sukari? Naombeni ushauri

Binti wa Handeni:
Wakuu, shikamooni. Namtunza bibi wa miaka 74 nyumbani kwake Tabata, ana kisukari na presha. Aliyeniajiri ni mwanae yuko Uingereza, naye huko kazi yake ni kutunza wazee. Siku hizi bibi anaamka saa nane, saa tisa usiku, shuka imeloa jasho, mwili wa baridi. Nikimshika ananisukuma, ananiita mwizi, mara ananiita jina la dada yake marehemu. Asubuhi akishakunywa chai ni mtu mzima kabisa, ananiuliza, "mwanangu, umelalaje?" Dawa zote anapata kwa wakati. Je, presha inapanda usiku? Nimpe dawa ya usingizi? Nimeshainunua, ila bado sijampa.

Mzee Kobe:
Binti, nyumba hiyo iombewe. Mtu hawezi kumwita marehemu saa tisa usiku bure bure.

Mama Wawili:
Pole mdogo wangu. Mama yangu naye alikuwa na sukari, ila yeye ilianzia mguuni. Kidonda kidogo cha kiatu, hakusikia maumivu kwa sababu ganzi ilishaingia, tukaja kushtukia harufu. Walimkata vidole viwili. Mkague bibi nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole.

Chuma Chakavu:
Akikuita mwizi angalia kwanza kama sukari ya kopo haijapungua jikoni 😂

Nesi wa Zamani:
Tuache utani. Binti, hiyo dawa ya usingizi usimpe. Jasho la baridi na kuchanganyikiwa usiku, kisha mtu anatulia akipata chai: hapo nashuku sukari inashuka. Ukimlaza kwa dawa hutaona dalili, na anaweza asiamke. Niambie mambo matatu. Anatumia dawa gani? Anakula nini usiku? Akiwa katika hali hiyo mashine ya kupima sukari inasoma ngapi?

Binti wa Handeni:
Daonil asubuhi na jioni, na atenolol ya presha. Daonil ya jioni iliongezwa, sasa ni kidonge kizima. Usiku anakunywa uji nusu kikombe, hataki zaidi. Na mimi nilishamkatia soda na wali mwingi, mwanae mwenyewe alinisifia. Namba naandika kwenye daftari kila siku.

Nesi wa Zamani:
Daonil ni glibenklamidi. Inalazimisha kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari, hata kama mtu hajala, na kwa mzee, hasa figo zikichoka, inakaa mwilini muda mrefu. WHO kwenye orodha yake ya dawa muhimu imeweka angalizo kwamba haifai kwa waliopita miaka 60. Atenolol nayo inaficha moyo kwenda mbio na kutetemeka, linabaki jasho. Nani aliongeza dozi, na kwa kipimo gani? Halafu hujajibu la mashine.

Kandili:
Tatizo ni hawa watoto wa ulaya. Wanawafuta jasho wazee wa watu, mama zao wanawaachia wasichana wa kazi.

Mama Wawili:
Kandili, hela ya dawa ingetoka wapi? Mimi nilikuwa hapahapa na vidole vya mama vilikatwa.

Mtaa wa Saba:
Mimi naona hii ni chai, stori ya kutunga. Mtu ana mashine, ana daftari, halafu usiku wa tatizo hana namba hata moja? Weka hapa namba za wiki hii.

Binti wa Handeni:
Sina sababu ya kutunga. Hizi hapa, za asubuhi: 11.2, 12.0, 11.5, 11.8, 12.0, 11.4, 11.6.

Mtaa wa Saba:
Umemkatia soda na wali, dozi imeongezwa, na sukari haijasogea? Mimi mwenyewe napima kila asubuhi, namba zinaruka huku na huku. Hizi zimeandikwa mezani.

Chuma Chakavu:
Chai ya tangawizi kabisa. Nimekaa siti ya mbele.

Nesi wa Zamani:
Binti, bibi yupo au hayupo, wapo wengine wanaosoma hapa. Jibu tu.

Binti wa Handeni:
Bibi yupo, sasa hivi amelala chumba cha pili. Stripu za kupimia ziliisha. Hela ya mwezi ilikuja pungufu, nikanunua pampasi kwanza, maana bila pampasi angelala kwenye mkojo. Ningefanyaje? Nikaandika namba zinazofanana na za nyuma ili mwanae asipate hofu. Yeye anapiga picha daftari, anamtumia daktari anayemfahamu. Ndiye aliyesema dozi ya jioni iongezwe. Lakini sikumnyima bibi dawa hata siku moja.

Mtaa wa Saba:
Basi nimekosea kuhusu bibi. Namba ndiyo chai, na dozi imepandishwa juu yake.

Nesi wa Zamani:
Azima stripu kwa jirani leo hii. Akiamka hivyo pima. Ikiwa chini ya 4, koroga sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji au mpe soda ya kawaida nusu glasi, kisha rudia kupima baada ya dakika 15. Huna stripu na dalili zipo? Mpe hivyohivyo. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, aende hospitali. Na hata akizinduka apelekwe, sukari iliyoshushwa na Daonil inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Binti wa Handeni:
Nimerudi. Jirani alinipa stripu mbili. Saa nane na nusu ilisoma 2.9. Baada ya maji ya sukari 5.1, akaniita jina langu. Tupo hospitali, wamemtundikia dripu. Ila mwanae nimemwambia tu sukari ilishuka. Nikimwambia la daftari nafukuzwa, na bibi atabaki na nani?

Mama Wawili:
Mwambie mdogo wangu. Mimi ningekasirika, lakini ningetaka kujua.

Nesi wa Zamani:
Mwanae utampigia baadaye. Hapo ulipo daktari anatafuta kwa nini imeshuka, na daftari analishika mkononi. Mwonyeshe namba zipi zilipimwa na zipi hazikupimwa, kabla hajaandika dozi ya kurudi nayo nyumbani.

Binti wa Handeni:
Anapita wodini saa nne. Nimeanza kuzikata kwa kalamu nyekundu.