Tupeane uzoefu: kupiga picha za kazi za mikono tunazouza mtandaoni

Ndugu zangu, mimi ni msusi wa vikapu vya ukindu hapa Nyegezi, Mwanza, na ninaomba kila mmoja aeleze alivyojifunza kupiga picha za kazi zake. Naanza na langu. Mteja wa Dodoma alinirudishia kikapu cha zambarau akisema aliagiza cha rangi ya damu ya mzee, nami nilipoitazama tena picha niliyomtumia nikaona ana haki: nilikipiga usiku, chini ya balbu ya mwanga wa njano, na zambarau yote ilikuwa imegeuka wekundu. Gharama ya kusafirisha, kwenda na kurudi, niliibeba mimi, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alikitaka kwa ajili ya harusi ya dada yake. Tangu hapo napiga barazani, kivulini, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, taa zote zikiwa zimezimwa, kwa kuwa mwanga wa balbu ukichanganyika na wa mchana kamera hushindwa kuitambua rangi. Upande wenye giza nasimamisha karatasi nyeupe ya manila, shubiri mbili kutoka kwenye kikapu, na hapo mishono ya ukili inahesabika.

Kutoka Ukerewe: Nashona makubazi ya ngozi. Kosa langu lilikuwa jua la saa sita mchana, ambalo huku kwetu karibu na ikweta huwa utosini, hivyo kanda hutupa kivuli cheusi na ngozi hung'aa kana kwamba imemwagiwa maji. Siku ya mawingu ndiyo siku yangu ya picha. Mkwaruzo ukiwapo, naupiga kwa karibu, mnunuzi auone kabla hajalipa.

Kutoka Kirumba: Nauza shanga. Kwa miezi kadhaa picha zilikuwa na ukungu, nikadhani simu imechakaa, kumbe lenzi ilijaa mafuta ya vidole. Ninachoshindwa bado ni shanga nyeusi, ambazo hutoka za kijivu.

Msusi wa Nyegezi: Ndugu wa Kirumba, kamera huongeza mwanga ikikutana na weusi. Gusa shanga kwenye kioo cha simu, kisha alama ya jua ikitokea, ivute chini hadi weusi urudi. Mimi hufanya hivyo kwa ukindu mweusi, halafu nashika simu ubavuni mwa kikapu, nalinganisha, ndipo natuma.