Kilo za mzee ni zilezile ila kitambi kinazidi, na yuko kwenye mashine ya kusafisha damu. Eti kunenepa ni kinga?

BintiNgamiani:
Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Naandika toka Tanga mjini, naomba mwenye uelewa wa mambo ya figo anisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Mzee wangu ana miaka 61, sukari na presha anazo kitambo, figo zikafeli na sa hivi anasafisha damu mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila akipanda mashine. Hakosi siku, tunamshukuru Mungu. Sasa jambo lenyewe ni hili, kilo zake akishuka kwenye mashine ni zilezile tangu mwaka jana, 78, haziongezeki wala hazipungui, lakini suruali zinatuambia kingine, kiunoni hazifungi na mapajani zinapwaya, miguu imekuwa myembamba mpaka mama anaogopa. Juzi kati daktari mmoja kijana kamzungushia tepu tumboni akapata sentimita 108, akasema hilo tumbo ndo la kuangalia kuliko hata mzani.

Toka siku hiyo mzee hana raha, kaacha kula usiku na anataka kuanza kufunga Jumatatu na Alhamisi ili tumbo lishuke. Wenzie anaolala nao vitanda vya mashine wanamwambia usithubutu kukonda, humu wanene ndo wanaodumu. Baba mdogo nae anasema mtu akinenepa ujue mashine imemkubali. Mimi nipo katikati. Mnene anadumu au kitambi kinaua? Na je ale au afunge?

KolekoleMbichi:
Mdogo wangu wenzie hawajamdanganya. Shangazi yangu yuko kwenye mashine mda mrefu na mwili wake mkubwa tu, wengi walioingia wamekonda tumeshawazika. Mwache mzee ale wali wake wa nazi na samaki, mgonjwa ukianza kumbania chakula ndo unammaliza. Hizo tepu ni za watu wasioumwa.

SistaWaZamu:
Marahaba BintiNgamiani, poleni sana na mzee. Mi ni nesi, nimekaa kitengo cha dayalisisi miaka mingi, na nitaandika kirefu maana hili naliona kila zamu na watu wanaumia kwa kuchanganya vitu viwili.

Wenzie wamesema kweli, na daktari pia kasema kweli. Ni kweli kabisa kwamba kwa mtu wa mashine uzito mkubwa kwa urefu wake, ile BMI, umeonekana kuendana na kuishi zaidi, na hili limeandikwa sana tangu miaka ya 2000 mwanzoni, Marekani kuna daktari wa figo anaitwa Kamyar Kalantar-Zadeh kaliandikia mno. Sababu mojawapo ni kwamba mgonjwa wa mashine anaisha mwili kirahisi. Kila akisafisha damu zinatoka na amino asidi, vile vijenzi vya protini, gramu 6 mpaka 12 hivi kwa mara moja, hapo hujaweka hamu ya kula iliyopotea, tindikali kwenye damu, na homa za katheta, ule mrija wa kusafishia damu. Kwahiyo aliyekonda mara nyingi ni mtu ambaye mwili umeshaanza kujila wenyewe, na akipata nimonia au akilazwa hana cha kutegemea.

Lakini mzani haujui nyama wala mafuta wala maji, unajumlisha tu. Italia ya kusini, kule Calabria, walifuatilia wagonjwa 537 wa dayalisisi, ikachapishwa 2009, wakawapima BMI na kiuno vyote viwili. BMI ikionyesha habari njema, kiuno kilionyesha kinyume chake, kadri tumbo lilivyokuwa kubwa ndivyo vifo vilivyozidi, hasa vya moyo na mishipa. Waliokuwa na hali mbaya kuliko wote ni wale wenye kiuno kikubwa na BMI ndogo. Yani mwili umekonda, tumbo limebaki mbele. Sasa rudi usome ulivyoelezea mapaja ya baba yako.

Kitambi kina ubaya gani? Mafuta ya chini ya ngozi, ya makalio na mapaja, yanakaa kwa amani, ila yale ya ndani yanayozunguka utumbo na ini hayakai kimya kama gunia stoo, yanafanya kazi mchana na usiku. Yanamwaga kemikali zinazofanya mwili mzima uwe na inflamesheni ya chinichini, yani kama uvimbe wa ndani usioonekana, insulini inakataliwa, mafuta kwenye damu yanapanda, mishipa inakakamaa. Mtu mwenye figo nzima angalau zingine anazitoa, huyu wa mashine zinabaki. Na inflamesheni hiyohiyo ndo inakula misuli na inafanya zile sindano za kuongeza damu zisifanye kazi vizuri, unakuta mtu anachoma kila wiki na damu haipandi. Wagonjwa wetu wengi hawaondoki kwa figo, wanaondoka kwa moyo, ndo maana huyo daktari kijana mi namuunga mkono.

Kuna kitu kingine kwenye maelezo yako kimenishtua kuliko kitambi. Kilo 78 tangu mwaka jana huku miguu inakonda. Kama nyama imepungua na kilo hazijapungua basi nafasi ya nyama imejazwa na kitu, ama mafuta ama maji. Uzito mkavu, yani ile kilo anayotakiwa afikie akishuka mashine, unatakiwa upangwe upya mwili ukibadilika. Ukibaki uleule mtu anatembea na maji yaliyojificha kila siku, presha haishuki, usiku analalia mito miwili, moyo unatanuka. Angalieni kama anakosa pumzi akilala chali, na mguu ukibonyezwa kidole kinaacha shimo. Mwambieni daktari arudie hesabu ya uzito mkavu wiki hii hii, msisubiri kliniki ya mwezi.

Kufunga hapana. Ana sukari, kama anachoma insulini ndo kabisa, figo ikifeli insulini inakaa mwilini mda mrefu zaidi na sukari inaweza kushuka ghafla akiwa usingizini. Akikata chakula kinachotangulia kuondoka ni msuli, kitambi kitabaki palepale. Na funga ya sunna mgonjwa ana udhuru wake, aongee na shehe wake atamwambia vizuri kuliko mimi.

BintiNgamiani:
Sista nimesoma mara mbili nimemsomea na mama, Mungu akuweke. Mito miwili ni kweli, analalia, sisi tulijua ni uzee. Kesho ni siku yake ya mashine nitaenda nae mwenyewe niongee na daktari. Sasa naomba nijue hiyo tepu tunaipimaje nyumbani, na hilo tumbo litashukaje kama hatakiwi kupunguza chakula?

SistaWaZamu:
Mito miwili usiiache, iwe neno la kwanza utakalomwambia daktari. Na kama leo usiku pumzi ikibana hata akikaa, msingoje kukuche, mpelekeni.

Tepu ya fundi nguo inatosha. Apimwe akiwa ametoka mashine, siyo kabla maana kuna maji, asimame, mpapase ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, tepu ipite katikati ya hapo, atoe pumzi kawaida ndo msome. Kwa wanaume wanasema kuanzia sentimita 94 uanze kuangalia na 102 ni hatari, wanawake 80 na 88, ila namba hizo zilipangwa kwa watu wa kawaida, nyie fuatilieni inapanda au inashuka mwezi hadi mwezi. Na daktari amshike tumbo kwanza, kuna watu tumbo limejaa maji na kuna wenye figo zilizovimba vifuko mpaka zinasukuma tumbo, hao tepu itawadanganya.

MamaMuheza:
Nimeingia kwa sababu mimi mwenyewe niko kwenye mashine, natokea Muheza nakuja Tanga mjini kusafisha, na nilikuwa na tumbo hilohilo. Mwanangu sikiliza, kosa la wengi wetu hatuli vingi, tunakula vibaya. Asubuhi chai ya sukari na mkate wa ajemi au vitumbua, mchana wali wa nazi sahani imejaa na kipande cha samaki kidogo, usiku mhogo wa nazi. Hapo wanga na mafuta umejaza, protini hamna. Mtaalamu wa lishe alinigeuzia sahani, samaki mbichi mkubwa au kuku kila mlo, ute wa mayai, wali umepungua ukawa ngumi yangu, tui jepesi na siyo kila siku. Alisema mtu wa mashine anahitaji protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo kwa siku, kwa baba yako ni kama gramu 80 hadi 90 hivi, sasa hesabu kile kipande cha changu uone kama kinafika.

Samaki awe mbichi lakini, siyo ng'onda wala papa wa chumvi. Chumvi inakuletea kiu, kiu inakuletea maji, maji yanakupeleka kwenye mito miwili. Dagaa wana fosforasi nyingi, madini ambayo figo zetu haziyatoi. Na wakimwambia apunguze tumbo kwa matunda amwogope Mungu, sisi wa Muheza machungwa yako mlangoni, yanaiva unayaangalia tu maana yana potasiamu, madini ambayo yakizidi kwenye damu yanasimamisha moyo, madafu hivyo hivyo. Mchicha nachemsha maji mengi namwaga ndo napika.

Halafu atembee. Siku asiyo na mashine, asubuhi kabla jua halijawaka, polepole, na kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika mikono, akichoka apumzike. Tumbo langu halijaisha ila napanda daladala bila kushikwa mkono, nyama za miguu zimerudi.

MtuWaMakorora:
Mchemshieni tangawizi, ndimu na majani fulani yanauzwa sokoni Mgandini, wiki mbili kitambi hakuna. Nimewasaidia wengi.

SistaWaZamu:
Ndugu yangu naomba kwa heshima usimpe mgonjwa wa mashine ushauri huo. Majani usiyoyajua yana potasiamu na vitu ambavyo figo ndo ingevitoa, na figo hana. Dawa nyingi za kitambi zinaharisha tu, mtu anapoteza maji anasema amepungua, presha inaanguka kwenye mashine. Nimeshapokea watu hivyo.

MamaMuheza umenisaidia kazi, nakushukuru sana. Naongezea la mazoezi, nchi za wenzetu wapo wanaowekea wagonjwa pedeli za baiskeli kitandani wakiwa wanasafishwa damu, saa mbili za mwanzo kabla presha haijaanza kushuka, na miguu inapata nguvu. Tanga yetu watu wamezaliwa juu ya baiskeli, mzee kama aliendesha zamani hatasahau, ila maji yakishapangwa vizuri na moyo ukishaangaliwa, siyo kesho. Mkono wenye fistula, ule mshipa uliotengenezwa wa kuchomea sindano za mashine, asibebee mizigo wala asipimiwe presha.

KolekoleMbichi:
Sista nimekuelewa. Shangazi nae miguu ni kama ya mtoto na tumbo kubwa, tulikuwa tunasema kanawiri. Upandikizaji wa figo vipi, mtu mwenye kitambi wanamkubali? Maana Muhimbili wanafanya.

SistaWaZamu:
Muhimbili walianza 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018. Kitambi peke yake hakimfungii mtu mlango, ila upasuaji unakuwa mgumu, kidonda kinachelewa kupona, na dawa anazokunywa baadae nyingine zinapandisha sukari na kuongeza mafuta hapohapo tumboni. Kwahiyo kama kuna ndugu yuko tayari kutoa figo, hii kazi ya sahani na miguu shangazi aianze mapema. Mpelekeni kwanza apimwe kiuno na uzito mkavu.

BintiNgamiani:
Nimerudi na majibu. Daktari kakubali kuna maji, kamshushia uzito mkavu, watakuwa wanapunguza kidogokidogo kila mashine ili presha isianguke, na kaandika kipimo cha moyo. Kufunga kaacha, usiku leo kala kolekole wa kuchoma na wali ngumi moja, mama ndo kapima kwa ngumi yake. Mtaalamu wa lishe tumepangiwa Alhamisi, nitamuuliza na habari ya mayai maana mzee hapendi, nitaleta majibu.